Udongo wa Kisarawe na Plastiki Iliyokuja Bila Viungo

Nimekabidhi funguo za stoo wiki iliyopita, na kijana aliyezipokea alizihesabu mara moja tu, akazitia mfukoni. Sikusema kitu mbele za watu. Nimeona niseme hapa, kwa maandishi, ili na wengine wa kiwandani msome, maana mmeniuliza mara nyingi nilikuwa natafuta nini nikihesabu mifuko iliyojaa mlangoni, halafu nazunguka uani kuhesabu mitupu. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo mnavijua, na mshahara mnaupata wenyewe, kwa hiyo hapo hatuna la kuhadithiana.

Nilianza kazi mara baada ya uhuru, kwenye ghala la mkonge pale Soga, kuhesabu marobota yanayopakiwa kwenye behewa. Mwenye ghala alikuwa Mzee Chande, mtu mwembamba aliyekuwa na penseli nyuma ya kila sikio. Siku yangu ya kwanza aliniuliza nimepata ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Hesabu tena, safari hii anzia mwisho." Nikaanzia mwisho, nikapata nyingine. Nilidhani atanifukuza. Akacheka taratibu. "Sasa una hesabu mbili na hujui ya kweli ni ipi. Karibu kazini."

Huyo ndiye aliyenifundisha pia kupatana. Mtu akikutajia bei, usimjibu. Uangalie mzigo wake kama vile umemwona panya ndani yake. Bei itashuka yenyewe. Nimelitumia hilo maisha yangu yote, na mke wangu alinizoea haraka sana hata likaacha kufanya kazi nyumbani.

Kiwanda chetu kilipofunguliwa hapa Kibaha, katika miaka ya sabini, walitafuta mtu wa stoo asiyeogopa namba. Nikaja. Ninyi mmekuta kila kitu kimeshapata jina, lakini sisi siku ile ya kwanza tulikuwa tunazunguka mashine kama watu waliokuja kuona mgonjwa. Kwenye kinywa cha juu unamwaga plastiki, chembe nyeupe kama mchele. Ndani kuna skrubu ndefu inayozunguka na kuisukuma mbele huku vyuma vya moto vikiiyeyusha. Mbele kabisa kuna kichwa cha chuma chenye tundu la duara, na hapo ndipo bomba linapotoka laini kama utumbo, linaingia kwenye beseni la maji, linakuwa gumu. Kwa miaka mingi mabomba yetu yamekwenda vijijini, kila mahali serikali ilipowaambia watu wakae pamoja na watu wakauliza maji yako wapi.

Kabla ya mashine kulikuwa na pipa la kuchanganyia, na bwana wa pipa alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba plastiki haipikwi tupu. "Plastiki peke yake ni ugali," alisema. "Mboga ni hivi hapa." Akanionyesha masizi meusi, yanayozuia jua lisilile bomba. Akanionyesha dawa nyingine ya njano, inayozuia plastiki isichakae kwa joto na hewa. Na ya tatu ilikuwa unga mweupe, laini mno, ukiushika unateleza vidoleni kama umeshika hewa yenye mafuta. Mfuko wake uliandikwa stereti ya kalsiamu. Sisi tuliuita unga laini. Unawekwa kidogo tu, kata moja iliyofutwa kwa ubao, na Mzee Kondo hakumruhusu mtu mwingine aiguse kata ile.

Mwanafunzi wake mkubwa alikuwa Esteria, binti aliyetoka upande wa Morogoro. Alianza kwenye pipa, kisha akapanda kuwa mwendesha mashine namba mbili. Alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Walutheri, na aliniambia mara moja kwamba mashine ikiwa na tatizo inashuka nusu sauti kabla taa yoyote haijawaka. Mimi sina sikio hilo. Lakini niliona mafundi wakija na spana zao, wanamkuta ameshaizima na kuikunjia mikono, na kila mara kulikuwa na kitu kimekwama mle ndani.

Vita vya mwisho wa miaka ile ya sabini vilipokwisha, fedha za kigeni zikaadimika. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na kuna siku nilikaa foleni Kibaha Maili Moja nikafika mbele nikakuta inauzwa foleni yenyewe, yaani hakuna kitu. Kiwandani, kitu cha kwanza kukatika kilikuwa unga laini. Niliandika maombi, nikakumbusha, nikasafiri hadi Dar kukumbusha kwa mdomo. Nikaambiwa tufikiri kwa kujitegemea.

Mzee Kondo akafikiri. Kwao Kisarawe, kwenye vilima vile vya juu ya Pugu, kuna udongo mweupe ambao akina mama wanasiribia nyumba. Akaleta furushi moja. Tukausaga, tukauchekecha kwa shuka, tukaukausha juu ya bati, nao ukatoka mweupe na laini hata mimi niliyezoea nikachanganya mifuko miwili mezani. Ukatiwa kwenye pipa badala ya unga laini. Mabomba yakatoka mazuri kama kawaida. Wageni walikuja kuona. Mzee Kondo akapewa cheti cha ubunifu, akapigwa picha ameshika bonge la udongo kama ameshika mtoto. Hakuna aliyeona ubaya, na kwa kweli ubaya haukuwepo. Ndugu Kaaya, Mmeru wetu wa maabara, mtu wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi, alipima mabomba akaandika: yanafaa, kwa plastiki hii. Maneno matatu ya mwisho hayakusomwa na mtu. Mkemia akishasema "yanafaa", watu wanapiga makofi.

Halafu ikaja plastiki mpya.

Niliipokea mimi mwenyewe. Haikuwa chembe. Ilikuwa unga, mweupe, mwepesi, ukifungua mfuko unakupanda puani. Karani aliyeileta kutoka bandarini nilimuuliza mbona unga.

"Plastiki ni plastiki, mzee. Hii imepatikana nafuu."

"Nafuu kwa nini?"

"Sasa wewe unataka ghali?"

Nikauangalia mzigo kama nimemwona panya. Lakini yeye hakuwa anauza, alikuwa anashusha tu, akapanda gari akaondoka. Plastiki ya zamani ikaendelea kutumika mpaka ikaisha, ya unga ikaanza. Haukupita muda, kwenye chumba cha mashine kukawa na harufu kali inayochoma macho kama mtu anakata kitunguu cha chuma. Watu wakawa wanakohoa. Jumatatu moja, baada ya mashine kulala tangu Jumamosi, Esteria alikuta midomo ya kichwa cha mashine imeota kutu nyekundu. Akamwita msimamizi. Msimamizi akamwambia apake mafuta, aendelee.

Wiki chache baadaye getini alishuka mtu wa makamo na kipande cha bomba jeusi begani. Alikuwa mjumbe wa kijiji kutoka Kurui, amekuja kwa miguu mpaka Kisarawe, kisha basi mpaka Dar, kisha basi jingine mpaka kwetu. Walinzi walimwambia asubiri. Akawaambia kijiji kizima kimeshasubiri kwa niaba yake. Akaingia mpaka ofisi ya meneja, mimi nikiwa hapo kupata sahihi, akaweka bomba mezani juu ya karatasi zote.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Meneja alikuwa mdogo kwake, akaona haya. "Hapana, shikamoo wewe, mzee. Karibu."

"Marahaba. Sikai. Mtaro tumechimba wenyewe, wanawake na wanaume, kutoka kisimani mpaka shuleni. Bomba tumelaza. Maji yamefunguliwa, bomba likapasuka. Tukafunga hapo, likapasuka pengine." Akalishika kipande kile ncha mbili, akakikunja juu ya goti. Kikakatika kwa mlio mkavu. "Sasa niambie, ndugu meneja. Hili ni bomba au biskuti?"

Meneja alikuwa mtu mwadilifu, tena mwenye hofu. Wakati ule ukiwa na vyote viwili kwa pamoja, unatafuta wa kulaumiwa upesi. Plastiki iliyounguzwa hukatika hivyo hivyo, hilo alilijua. Harufu kali chumbani, hilo alilisikia. Aliyeendesha mashine zamu za mabomba ya Kurui alikuwa Esteria. Jioni ile ile akamwita ofisini, mbele yangu na wa zamu yake.

"Umepandisha joto ili upate mabomba mengi, usifiwe."

"Sikupandisha, ndugu meneja."

"Kipima joto unakiandika wewe mwenyewe."

"Ndiyo, na mashine naiendesha mimi mwenyewe. Sasa nani aandike, kuku?"

Wengine tukatazama chini tusicheke. Meneja hakucheka. Akasema kamati ya nidhamu itakaa Ijumaa, na kama hakuna maelezo ya maana, jalada litakwenda polisi kama hujuma.

Nyie vijana neno hilo mnalisikia kama maneno mengine. Sisi tulikuwa tunaliogopa. Mtu akitajwa kwa neno lile, majirani walianza kumsalimia kwa kichwa tu, na kuku wake walihama banda wenyewe. Asubuhi iliyofuata Esteria alipopita uani na kikombe cha chai, meza ya wenzake ilijaa ghafla, ingawa ilikuwa na nafasi tatu. Mimi nilihesabu.

Akaja stoo.

"Kaka Rajabu, joto sikupandisha."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nimesema ili ukae, unywe chai yako."

Akakaa kwenye mfuko. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunjua. Kilikuwa na madoa ya kutu. "Hii nimefuta kwenye kichwa cha mashine. Moto unaunguza plastiki, sawa. Moto unaootesha chuma kutu umeuona wapi? Kutu inataka maji au inataka kitu kikali. Maji mle hayaingii."

Nikamwambia asimame. Tukazunguka uani kwenye mifuko mitupu. Ile mitupu ya chembe ilikuwa chini kabisa ya rundo, imeshapauka kwa jua. Ya unga ilikuwa juu, bado inang'aa. Mimi nilikuwa nafunga mitupu kwa kamba ya mkonge kila zamu, na kila furushi nalitia alama ya kijiji kinachotengenezewa, tabia niliyotoka nayo Soga. Furushi la Kurui la kwanza lilikuwa la unga. Na la pili. Mabomba yaliyokwenda Mkuranga kabla yake yalikuwa ya chembe, na hayakuwa yamelalamikiwa. Nikahesabu tena kuanzia juu. Ikawa ile ile.

"Kosa si lako," nikasema. "Ni la mifuko hii. Twende kwa Kaaya."

Kaaya alitusikiliza bila kuinua kichwa. Akachukua kijiko cha ule unga wa plastiki, akautia kwenye bomba dogo la kioo, akaupasha moto juu ya taa ya spiriti. Juu ya mdomo wa kioo akashikilia kikaratasi cha buluu kilicholoweshwa. Tukangoja. Kikaratasi kikaanza kubadilika kuanzia pembeni, kikawa chekundu.

"Asidi," akasema.

"Imetoka wapi?"

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kila mtu wa stoo anayepokea plastiki anatakiwa akijue. Ile plastiki ya zamani ya chembe, akasema Kaaya, inatengenezwa kwa kubana gesi kwa nguvu kubwa mno, na hakuna chuma chochote kinachobaki ndani yake. Hii mpya inatengenezwa kwa nguvu ndogo, kwa msaada wa kichocheo. Kichocheo ni kitu kinachoifanya gesi ishikane na kuwa plastiki, bila chenyewe kwisha. Chenyewe ni kidogo sana, ni madini ya titani, kwa hiyo wanakipandisha juu ya punje za chumvi fulani ya magnesi ili kienee vizuri, kama unavyopaka siagi kidogo kwenye mkate mkubwa.

"Kikishafanya kazi?" Esteria akauliza.

"Kinabaki humo humo. Zamani walikuwa wanakiosha. Vichocheo hivi vipya vina nguvu, kinatumika kidogo mno, wakaona hakuna haja ya kuosha. Lakini ile chumvi ina klorini. Ukiipasha joto, klorini inatoka ikiwa asidi. Asidi inakula chuma chako, inakuchoma macho. Na ile titani bado haijalala, inasaidia hewa kuikatakata plastiki."

"Kwa hiyo wanaotumia hii huko kwao wanafanyaje?"

Kaaya akavua miwani. "Wanatia unga laini. Stereti ya kalsiamu inaikamata asidi kabla haijafika popote. Kwa kawaida mwenye kiwanda anatia kabisa kabla ya kuuza, na kuifanya chembe. Hii tumeuziwa mbichi, bila viungo. Ndiyo maana ilikuwa nafuu."

Wote watatu tulikuwa tunafikiria udongo wa Kisarawe.

"Udongo haukamati?" nikauliza hatimaye.

"Haukamati asidi. Tena unafanya jingine: ile dawa ya njano inajishika kwenye udongo badala ya kulinda plastiki. Kwa chembe za zamani haikudhuru kitu. Kwa hii, tumeondoa askari, tukamwekea mwizi kiti."

Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mzee Kondo. Nilimkuta anachekecha. Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, shuka mikononi, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

"Yaani mnataka kusema udongo wa kwetu umemfunga mtoto wangu."

"Bado hajafungwa, mzee. Na udongo hauna kosa. Plastiki ndiyo imebadilika."

"Rajabu, usinipake mafuta. Mimi si mashine." Akaketi. "Kamati ile ina watu walionipigia makofi. Nikisema udongo haufai, watauliza kwa nini walipiga makofi. Watakubali? Mtoto ataonekana anatafuta pa kujificha, na mimi nitaonekana mzee aliyehongwa maneno."

Alikuwa na haki. Maneno ya kemia kwenye kamati ile yasingefika mbali. Kaaya mwenyewe akasema hivyo: watu walitakiwa kuona. Mashine moja, plastiki moja, joto moja, chungu mbili za mchanganyiko. Moja yenye udongo, nyingine yenye unga laini. Shida, unga laini nchi nzima ulikuwa umeadimika. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Kaaya akakumbuka kwamba wanaotengeneza viatu vya plastiki nao wanautumia. Kiwanda cha viatu kilikuwepo Dar, Barabara ya Pugu, na mtunza stoo wake nilimfahamu, jina lake Salehe, mtu ambaye angeweza kukuuzia kivuli chako. Alhamisi asubuhi nikaenda na barua ya Kaaya ya kuomba kuazima, yenye muhuri, maana sikutaka kumtoa mtu kwenye hujuma kwa kuingia mwenyewe.

"Kuazima?" Salehe akasema. "Unga unarudishwaje? Utauchuja kutoka kwenye bomba?"

"Utarudishiwa mwingine wetu ukifika."

"Ukifika. Na mimi nikifika mbinguni." Akaufungua mfuko uliobaki nusu. "Nipe mabomba."

"Mabomba ya serikali."

"Unga nao wa serikali. Sisi wote wa serikali, basi tupeane tu kindugu."

Nikamtazama. Nikatazama mfuko wake. Nikautazama kama nimemwona panya.

"Acha kunitazamia mzigo, Rajabu. Mzee Chande alinifundisha mimi pia, mwaka mmoja kabla yako."

Nilikuwa nimekutana na mwenzangu. Nikaamua kusema kweli, jambo ambalo kwenye kupatana bei hulifanya tu ukiwa umeishiwa kabisa. Nikamweleza habari ya Esteria na Ijumaa. Akakuna kidevu. Akachukua kopo la rangi tupu, akalijaza unga, akalifuta juu kwa ubao.

"Hili nakuazima. Nikisikia umelipeleka kwa mtu wa sabuni, nitakuja Kibaha nikufue nalo."

Kwenye kizuizi cha barabara, askari mmoja kijana akapanda basi, akaona kopo mapajani kwangu. "Hiyo nini? Sukari?"

"Unga wa kiwandani, afande. Hii hapa barua."

Barua hakuisoma. Akafungua kopo, akalowesha kidole, akaonja. Uso wake ukakunjamana. Unga ule hauyeyuki, unabaki ulimini kama nta ya mshumaa. Nilianza kufikiria ni nani atakayelisha watoto wangu. Akatema dirishani, akanirudishia kopo.

"Mnatengeneza nini na takataka hii?"

"Mabomba ya maji, afande."

"Basi ndiyo maana maji hayatoki," akasema, akashuka. Basi zima likacheka ila mimi.

Ijumaa kamati ilikaa kwenye chumba cha mashine badala ya ofisini. Meneja alikubali kwa sharti moja, kwamba kipima joto atakisoma yeye mwenyewe. Nikamwambia vizuri sana, akae hapo hapo. Wanakamati wakapanga viti vyao mbali na harufu. Esteria alivaa glavu zake. Hakumtazama mtu.

Kaaya alitaka kuchanganya yeye. Mzee Kondo akamtoa kata mkononi.

"Pipa hili ni langu," akasema. "Zote mbili nachanganya mimi. Kesho asije mtu akasema zilipikwa tofauti."

Akachanganya ya kwanza kwa udongo wake, mbele ya watu wale wale waliompigia makofi, kata imefutwa kwa ubao vile vile, bila kupunguza, bila kuharakisha. Ikamwagwa. Mashine ikanguruma. Meneja akaita joto kwa sauti, tena na tena, na lilikuwa pale pale. Harufu ikaja. Mwanakamati mmoja akatoa leso. Bomba likatoka, likapita majini, Esteria akakata kipande, akakiweka chini kipoe.

Ikabidi kusafisha mashine kwa chembe chache za zamani nilizokuwa nimezikung'uta kwenye pembe za mifuko mitupu. Hilo lilichukua muda. Nilimwona Esteria ameweka kiganja juu ya kifuniko cha mashine, amefumba macho, anasikiliza.

Ya pili ikaingia, yenye unga wa Salehe. Meneja akaita joto: lile lile. Tukangoja harufu. Mwenye leso akaishusha polepole, akanusa, akaitia mfukoni. Bomba likatoka linang'aa. Esteria akakata kipande.

Akakichukua cha kwanza, akakikunja juu ya goti kama yule mzee wa Kurui. Kikapasuka katikati. Akachukua cha pili. Akakikunja mpaka ncha zikakutana, akakiachia, kikajinyoosha. Akakikunja tena. Akampa meneja. Meneja akakunja kwa nguvu zote, uso ukamwiva, akakanyaga kwa kiatu, akakipa mwanakamati, naye akakanyaga. Hakikukatika.

"Joto lilikuwa moja," meneja akasema, nusu anajiambia mwenyewe.

"Ulilisoma wewe, ndugu meneja," Esteria akajibu.

Mzee Kondo ndiye aliyesema lililobaki. "Udongo ule hauingii tena kwenye plastiki ya unga. Utakaa tayari kwa chembe, zikija. Na huyu binti hajaunguza kitu."

Mwenyekiti wa kamati akaandika, wakatia sahihi. Meneja akamgeukia Esteria, akamwambia kwa upole kwamba mambo yamekwisha, arudi kwenye mashine, kuna mabomba ya Kurui ya kutengeneza upya kwa unga laini uliobaki koponi, mpaka mwingine upatikane. Mimi nikavuta pumzi. Kwangu biashara ilikuwa imefungwa, tena kwa faida.

Esteria akavua glavu, akaziweka juu ya mashine.

"Ndugu meneja, neno lile ulilisema mbele ya watu."

"Neno gani?"

"Unalijua. Mimi sitalisema. Ulilisema ofisini wakiwepo wa zamu yangu, likatoka mlangoni, likafika getini, likafika kanisani. Kwaya nzima inanitazama mgongo. Sasa unaniambia yamekwisha hapa, mbele ya watu sita. Ulilipeleka kwa wote, lirudishe kwa wote."

Meneja akanitazama mimi kama vile nimemfundisha binti. Sikuwa nimemfundisha. Nilikuwa nimepatana bei na watu miaka mingi, na sikuwahi kumwona mtu anayetaja bei yake mara moja, kisha anakaa kimya namna ile. Hakuangalia mzigo. Alimwangalia mtu.

Kengele ya kubadilisha zamu ikagongwa. Zamu ya mchana ikakusanywa uani, na meneja akapanda kwenye kreti akasema: ndugu Esteria hakuunguza plastiki, hakuhujumu kitu, na mimi nilikosea kusema. Watu wakapiga makofi. Akashuka akijipangusa jasho.

"Asante," Esteria akasema. "Wa usiku hawajasikia."

Meneja akasema tena kwa wa usiku walipoingia. Na Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuuma, akasimama tena kwenye kreti ile ile mbele ya zamu ya kwanza, sauti imeshamkauka, akarudia neno kwa neno. Esteria alisimama nyuma kabisa, mikono imekunjwa, kama anavyosikiliza mashine. Meneja alipomaliza, alimtafuta kwa macho juu ya vichwa vya watu.

Esteria akaitikia kwa kichwa. Akapita katikati yao, wakampisha njia, na kwenye meza ya chai mtu akavuta kiti. Hakukaa. Akaenda kwenye mashine namba mbili, akachukua glavu zake pale alipoziacha, akaiwasha.